Kwa mnaoimba na kuchora: yale Freddie Mercury aliyoyapata chuo cha michoro

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, hakusomea muziki chuoni. Alisomea michoro. Cheti alichotoka nacho Ealing, chuo cha sanaa magharibi mwa London, mwaka 1969, kilikuwa diploma ya sanaa na usanifu wa michoro, kazi ileile ambayo vijana wetu leo wanaifanya kwenye kompyuta wakitengeneza posta, kava za nyimbo na nembo za maduka. Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wengi wanaokuja kuniona wana daftari la mashairi mkono mmoja na michoro mkono wa pili, na swali lao ni moja: kaka, niache kipi? Mimi nakula kwa kazi zote mbili. Mchana nasanifu machapisho, usiku wa wikiendi naimba na bendi. Jibu langu ni kwamba usiache chochote kabla hujatazama vizuri jinsi mtu yule alivyovifanya viwili hivyo vibebane.

Habari za Unguja mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wenye asili ya Gujarat. Baba yake alikuwa keshia serikalini. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko akafundishwa piano na akapiga katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Tangu 2019 kuna makumbusho yake pale Shangani, na watalii hawaishi kupiga picha mlangoni. Lakini miaka inayotuhusu sisi tunaoanza ni ile ya kati ya 1964 na 1973, alipokuwa kijana mhamiaji asiye na jina, mwenye penseli. Hiyo haizungumzwi sana, na ndiyo yenye faida kwetu.

Kwanza, hakuingia Ealing moja kwa moja. Alipita chuo cha Isleworth ili apate sifa ya kuingilia. Na Ealing hakuwa peke yake wa aina yake: Pete Townshend wa The Who alipita palepale, Ronnie Wood vilevile. John Lennon alisoma chuo cha sanaa Liverpool, Keith Richards chuo cha sanaa Sidcup. Si kwamba walimu wa uchoraji walifundisha gitaa. Vyuo vile vilimpa kijana muda, chumba cha kufanyia kazi, na zaidi ya yote wenzake wanaohangaika na mambo yaleyale. Darasani Ealing Freddie alikutana na Tim Staffell, aliyekuwa akiimba na kupiga besi katika bendi ya Smile. Kupitia Staffell akawajua mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie akaichukua nafasi yake, na bendi ikageuka kuwa Queen. John Deacon, mpiga besi, aliwakamilisha mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kama umepata nafasi chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, au unakwenda chuo cha muziki cha DCMA Unguja, au umejiunga na warsha Nafasi Art Space Dar, usikae na watu wa fani yako tu. Mchoraji aingie darasa la ngoma akakae pembeni na daftari. Mwimbaji akaombe kukoroga rangi. Watu utakaofanya nao kazi maishani mara nyingi wamekaa dawati la jirani sasa hivi, na ukisubiri mpaka uwe na jina ndipo uwatafute, watakuwa wameshajipanga na wengine.

Alipokuwa mwanafunzi alimchora sana Jimi Hendrix. Wengi wanalisoma hilo kama mapenzi ya shabiki. Mimi nalisoma kama mazoezi, na nina sababu. Ukitaka kumchora mtu aliyeshika gitaa, lazima uamue uzito wa mwili umeegemea mguu gani, bega lipi limeshuka, kidevu kimeelekea wapi. Huwezi kulikwepa, karatasi itakuumbua. Ukilifanya hilo mara kwa mara, siku unapanda jukwaani unajua mwili wako unaonekanaje kutoka mbele. Vijana wengi wanajirekodi kwa simu kisha wanajitazama. Ni vizuri, lakini video inakuonyesha kosa bila kukufundisha umbo. Mchore Bi Kidude na ngoma yake ya msondo. Chora mikono, chora shingo, chora nafasi iliyopo kati ya mikono na ngoma. Utaelewa kwa nini bibi yule aliweza kusimama bila kurukaruka na ukumbi mzima ukamtazama yeye.

Riziki yake ya siku zile ilikuwa ya kuungaunga. Alifanya kazi ya vibarua uwanja wa ndege wa Heathrow. Pamoja na Roger Taylor walikuwa na kibanda Kensington Market. Mwanzoni waliuza michoro, yake na ya wanafunzi wenzake wa Ealing, kisha wakahamia nguo za mitumba na skafu. Hendrix alipofariki tarehe 18 Septemba 1970 walikifunga kibanda siku ile kumpa heshima. Nasema hivi kwa anayeona haya kuuza mitumba Karume au kuchapa fulana huku akisubiri muziki ulipe: kazi yoyote inayokuweka karibu na vitambaa, rangi na wateja inakufundisha. Mtu aliyeshinda kutwa akitazama nguo gani inamvuta mpita njia hawezi kushindwa kuchagua ya kuvaa jukwaani.

Sasa nembo. Hapa nataka tukae kidogo.

Nembo ya Queen aliichora mwenyewe kabla albamu yao ya kwanza haijatoka mwaka 1973. Itafuteni mwitazame huku mnasoma. Katikati kuna herufi Q, ndani yake taji. Simba wawili wameikumbatia huku na huku, mmoja wa Deacon na mmoja wa Taylor, kwa kuwa wote wawili nyota yao ni Simba. Juu ya herufi ametulia kaa, nyota ya Brian May, na miali ya moto inapanda kutoka hapo. Chini ya kila simba kuna kibinti mwenye mabawa, hao ni wa Mashuke, nyota ya Freddie mwenyewe. Na juu ya wote ndege feniksi ametandaza mbawa kama anawafunika.

Kuna mambo matatu ambayo humwonyesha kila anayekuja kujifunza kazi kwangu. La kwanza, umbo zima ukilitazama kwa mbali ni la ngao za kifalme za Kiingereza, kitu ambacho kila mtu nchini mle alikuwa ameshakiona kwenye sarafu, bahasha na majengo ya serikali. Hakuanza na umbo geni. Alichukua linalojulikana akaweka watu wake ndani. La pili, kila mwanachama yumo. Bendi ilikuwa haijauza chochote, lakini tayari kila mmoja alikuwa na mnyama wake kwenye karatasi. Hilo linafunga watu pamoja kuliko hotuba. La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: aliyeshika kalamu ni yeye, mwimbaji wa mbele, na nafasi aliyojipa ni ya chini, katika umbo dogo. Macho yanawaona simba kwanza. Msanifu anayejua kazi huweka kitu pale picha inapokitaka, hata kama kitu chenyewe ni yeye.

Ila mjue tofauti ya nyakati. Nembo yenye mistari mingi hivyo ilikuwa na kava la santuri la kukaa, karibu futi nzima ya karatasi kila upande. Kava la wimbo wako leo litaonekana kwenye simu likiwa saizi ya ukucha. Kwa hiyo tengeneza mbili: moja ya kina kwa ajili ya fulana, bango na kitambaa cha nyuma ya jukwaa, na nyingine iliyobaki na umbo moja tu. Kila nembo ninayoifanya naichapa kwa wino mweusi peke yake, ndogo, halafu naitoa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi. Ikishapita hapo bado inatambulika, ndipo naanza kufikiria rangi. Mteja akileta picha yenye vivuli na mng'ao mwingi, nayo naipitisha kwenye fotokopi hiyohiyo mbele ya macho yake, na mara nyingi hatubishani tena.

Tuje kwenye kutazama picha za wengine. Katika jumba la Tate, London, kuna mchoro wa Richard Dadd uitwao The Fairy Feller's Master-Stroke. Dadd aliufanyia kazi kati ya 1855 na 1864 akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, alikopelekwa baada ya kumuua baba yake. Ni mdogo, kama sentimita 54 kwa 39, lakini umesheheni. Vijitu vidogo vimejaa kila pembe, vingine vimejificha nyuma ya mabua ya nyasi yanayokatiza mbele ya macho yako, na katikati mmoja ameinua shoka tayari kupasua kokwa huku wengine wote wakimngoja. Freddie aliupenda mchoro huo, akawapeleka wenzake kuuona, na akautungia wimbo wa jina hilohilo katika albamu ya Queen II ya mwaka 1974.

Usikilizeni wimbo huo mkiwa na picha mbele yenu. Haufiki dakika tatu. Harpsikodi, kile kinanda cha kizamani chenye sauti ya kudonoa, amekipiga mwenyewe. Sauti zimerundikana juu ya sauti, na maneno yanawataja waliomo kwenye mchoro mmoja baada ya mwingine bila kukupa pumzi. Angalieni alichokihamisha. Hakueleza jinsi picha ilivyomgusa moyo. Alihamisha ule msongamano. Picha haina pahala pa jicho kupumzika, na wimbo hauna pahala pa sikio kupumzika.

Hiyo ni kazi mnayoweza kuifanya hapa nyumbani. Chukua mchoro wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, zile mbao alizopaka Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za dukani. Mnyama mmoja, mara nyingi peke yake, nyuma yake rangi tupu. Wimbo wa picha hiyo ungekuwaje? Mimi nasema sauti moja, ala moja, na ukimya mwingi. Halafu chukua mchoro wa wachoraji waliofuata, ambao wamejaza ndege na madoadoa mpaka ukingoni. Wimbo wake ni mwingine kabisa, huo unataka kundi zima. Ukiweza kuisikia tofauti hiyo kabla hujashika chombo, umeanza kuelewa upangaji wa muziki kuliko mtu aliyekariri kodi mia za gitaa.

Nimefika kwenye Bohemian Rhapsody, na najua kila mtu anadhani anaujua. Kinachosimuliwa ni kipaji. Kilichonifunza mimi ni karatasi.

Rasimu za maneno ya wimbo huo zilipigwa mnada London mwaka 2023 pamoja na mali zake nyingine. Ameziandika kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland, kurasa kadhaa, zimejaa maneno yaliyokatwa na mishale, na kwenye ukurasa mmoja jina la wimbo lilikuwa Mongolian Rhapsody, akalikata na kuandika lile tunalolijua. Brian May naye amesimulia kwamba sauti za kwaya hakuziandika kwa nota za kawaida. Alikuwa na vipande vya karatasi vyenye herufi za nota, A, B, C, zimepangwa kwa mafungu. Mtu wa usanifu akisikia hivyo anatambua mara moja: huo ni mpangilio wa ukurasa. Alikuwa anaweka mafungu ya sauti mahali pake kama tunavyoweka safu za maandishi na picha kabla gazeti halijaenda mtamboni.

Walianza kurekodi Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, wakaendelea katika studio nyingine, mtayarishaji akiwa Roy Thomas Baker. Walipopiga muziki wa msingi waliacha pengo palipotakiwa kukaa sehemu ya opera. Wenzake hawakujua sawasawa kitakuja nini, ila yeye alikuwa nacho kichwani. Kisha Freddie, Brian na Roger, watu watatu tu, wakaimba kwa wiki karibu tatu, saa nyingi kwa siku, sauti juu ya sauti. Mashine ilikuwa na nafasi 24 za kurekodi sauti sambamba, hivyo kila zikijaa ilibidi wazikusanye na kuzirekodi upya kwenye nafasi moja au mbili ili waendelee. Utepe ulipita kwenye mashine mara nyingi hata ukachakaa, ukawa unapitisha mwanga.

Leo programu ya studio inakupa nafasi zisizo na mwisho, na hapo ndipo vijana wanapopotelea. Unafika studio, biti inaanza, prodyuza anasema weka sauti tutaona mbele, saa zinakwenda, hela inakwenda. Mimi siingii studio bila kuuchora wimbo kwanza. Natandika karatasi ya A3 mezani, navuta mstari mrefu kutoka kushoto kwenda kulia, huo ndio muda. Sauti yangu naipaka buluu, kiitikio chekundu, gitaa kijani, ngoma naziwekea penseli. Palipo na ukimya naacha karatasi tupu. Ukimaliza, nyanyua karatasi uitundike ukutani urudi nyuma hatua chache. Kama rangi zote zimejaa tangu sekunde ya ishirini, unaona kwa macho kwamba wimbo hauna pa kupanda. Kama kiitikio cha mwisho kina rangi zilezile za kile cha kwanza, unaona pia. Hayo ni matengenezo ya bure, unayafanya kwa kifutio. Ukiyagundua ndani ya studio unayalipia kwa saa.

Wimbo ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, na kulikuwa na wasiwasi mkubwa kwamba redio hazitaupiga. Zikaupiga, na ulikaa nambari moja Uingereza wiki tisa mfululizo. Ila hapa nataka mtazame video yake, iliyoongozwa na Bruce Gowers. Mwanzo wake ni nyuso nne gizani, zimepangwa kama almasi, mwanga ukishuka kutoka juu. Picha hiyo haikubuniwa siku ile. Ni kava la Queen II, alilopiga Mick Rock mwaka uliotangulia, naye aliichukua njia hiyo ya mwanga kutoka picha ya zamani ya mwigizaji Marlene Dietrich. Watu hawa walikuwa na picha kali, wakaiweka, na ilipofika haja wakaitia uhai. Tunzeni kazi zenu. Faili la kava la wimbo ambao haukusikika mwaka huu linaweza kuwa mwanzo wa video mwakani, ilimradi ulihifadhi kwa ukubwa wake halisi wala hukubaki na ile nakala iliyobanwa na WhatsApp.

Jukwaani alijulikana kwa ile nusu ya stendi ya maiki. Ilianzia kwenye shoo za mwanzoni kabisa, stendi ilipokatika mikononi mwake, akaendelea kuimba na kile kipande. Wengi wangeomba nyingine. Yeye aliona kwamba kipande hicho kinaweza kuwa gitaa, fimbo ya kifalme au mkuki, na mtu aliye nyuma kabisa ya uwanja atakiona. Akakishika maisha yake yote ya kazi.

Tazameni pia tamasha la hisani la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Jioni kukiwa bado kweupe, bila taa za kusaidia, umati zaidi ya watu 70,000, na kila bendi ina kama dakika ishirini. Alivaa singlendi nyeupe, jinzi ya rangi hafifu, na kikuku cheusi cha ngozi mkononi. Mtu aliyewahi kuvaa mavazi ya mbunifu Zandra Rhodes alichagua siku hiyo kuvaa vitu vichache tu, na mimi naamini ni jicho lilelile la fotokopi: kwenye mwanga wa jua, kwa mbali, umbo jeupe lenye mkono mmoja uliokunjwa ngumi linasomeka. Queen walikuwa wamefanya mazoezi ya siku kadhaa katika ukumbi wa Shaw, London, wakibana nyimbo zao ziingie kwenye dakika walizopewa. Bendi changa ikipewa robo saa kwenye tamasha hupanga nyimbo tano nzima na kuishia kukatwa maiki. Wao walikata wenyewe, kabla ya kukatwa na mtu.

Jambo jingine ambalo wasanifu vijana hawalipendi nikiwaambia: kujua kuchora hakukulazimishi kuchora kila kitu. Kava la albamu ya News of the World ya 1977, lile la roboti kubwa lenye uso wa majuto, lilitokana na gazeti la hadithi za sayansi la mwaka 1953 alilokuwa nalo Roger Taylor. Wakamtafuta mchoraji mwenyewe, Frank Kelly Freas, wakamwomba alichore upya akiwaweka wao mkononi mwa roboti. Hawakuiga chini chini. Taji na joho alilovaa Freddie kwenye ziara ya 1986 alilibuni Diana Moseley. Anayejua kazi humtambua anayejua zaidi, na humlipa. Ukiona picha mtandaoni ukaipenda kwa ajili ya kava lako, mtafute aliyeichora. Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko unavyodhani, na kama ni kubwa, basi umejua thamani ya kazi unayoitaka.

Ziara hiyo ya 1986 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Shoo ya mwisho ilikuwa Knebworth tarehe 9 Agosti. Mwaka uliofuata alipimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Hakuwahi kupanda tena jukwaani kwa ziara, ila hakuacha kazi. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, na humo unamsikia mtu aliyeipenda opera tangu zamani akipewa hatimaye sauti ya kusimama nayo. Video zake za mwisho za 1991 zilitolewa nyeusi na nyeupe, kwa vipodozi vizito, kwa sababu mwili ulikuwa umedhoofika. Hata hapo aliamua mwenyewe aonekanaje. Alitoa tamko kuhusu ugonjwa wake tarehe 23 Novemba 1991 na kufariki siku iliyofuata, akiwa na miaka 45. Mchanganyiko wa dawa zinazofubaza virusi ulianza kutumika 1996. Kwetu leo dawa hizo zinatolewa bure vituoni. Wadogo zangu, kazi hii ni ya usiku na safari, pimeni mjue hali zenu.

Nimebakisha habari ya fedha kwa sababu ndiyo inayovunja bendi nyingi kuliko kukosa kipaji. Queen walikuwa na nyimbo zinazopigwa redioni huku wao wakiishi kwa mshahara mdogo wa wiki kutoka menejimenti yao ya kwanza. Ilibidi wampate mwanasheria, Jim Beach, kuwatoa kwenye mkataba ule mwaka 1975. Na ndani ya bendi kulikuwa na ugomvi wa aina yake: kila wimbo uliandikwa jina la aliyeutunga, hivyo kila albamu ilikuwa na mabishano ya nyimbo za nani ziingie na nani atavuna. Walikuja kuumaliza mwaka 1989 kwenye albamu ya The Miracle, walipokubaliana kila wimbo uandikwe Queen na mapato yagawanywe sawa. Wakati huo walikuwa pamoja karibu miaka ishirini.

Ninyi msingoje. Siku mnayomaliza wimbo, kabla hata hamjatafuta studio, kaeni wote na karatasi moja. Andikeni jina la wimbo, nani ametunga maneno, nani ametunga melodia, nani ametengeneza biti, na asilimia ya kila mmoja, jumla itimie mia. Aliyechora kava naye aandikwe, na iandikwe wazi kama amelipwa akamaliza au ana sehemu yake, na kama mchoro unaruhusiwa kuwekwa kwenye fulana za kuuza. Kila mtu atie sahihi, kila mtu abaki na nakala. Ndipo mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili kazi, mkiwa na karatasi hiyo mkononi.